Asiyejua Kushika Bisibisi Asiseme Ana Gitaa

Kuna maneno yanazunguka vijiweni, na mimi nimechoka kuyasikiliza nikiwa nimenyamaza. Maneno yenyewe ni haya: "Hilo gitaa la Mchina ni kimeo tu, mshikaji. Subiri upate la maana ndiyo uanze." Wanayasema wazee waliopanda majukwaa miaka mingi. Wanayasema watoto waliozaliwa juzi, ambao gitaa wamelionea kwenye simu. Wanayasema hata wauzaji wenyewe, wale wale waliokuuzia, wakitaka urudi mwezi ujao na laki nyingine mbili uchukue "original".

Nasema ni uongo. Na si uongo mdogo wa kupitishia muda, ni uongo wenye madhara. Kijana anaambiwa asubiri, naye anasubiri kweli. Anamsubiri mjomba aliyeko ng'ambo, anamsubiri mfadhili, anamsubiri mwenye bendi amkabidhi chombo. Huku anasubiri vidole vinaota kutu, miaka inakwenda, mwisho anaoa, anapata kazi ya kulinda geti, na gitaa linabaki nyuma ya kabati limelegea nyuzi. Halafu sisi wenye kalamu tunakaa tunajiuliza: mbona siku hizi hakuna wapiga magitaa?

Hebu tuanze na ukweli, tusije tukaambiwa tunatetea ubovu. Gitaa la umeme la bei chee, likitoka kwenye boksi, halipigiki. Hilo nakubali. Nyuzi zimekaa juu ya shingo kiasi kwamba unaweza kupitisha penseli. Ncha za freti zinachana vidole kama msumeno. Ukipiga kodi huku mwanzo wa shingo inakuwa sawa, ukipanda kule juu inalia kama mbuzi wa Idi. Ukichomeka waya kwenye spika unasikia mvumo kana kwamba kuna mashine ya kusaga nyuma ya nyumba. Mimi ninalo la namna hiyo, nililinunua mtumba. Kwenye kichwa chake pameandikwa jina ambalo sijawahi kuliona popote tena. Leo nalipigia kwenye harusi na kwenye mazoezi, na hakuna aliyewahi kuniuliza limetoka kiwanda gani.

Kilichobadilika ni nini? Gitaa ni lile lile, mbao zile zile. Ndugu msomaji, shika jambo hili moja hata kama mengine yote utayasahau: siku hizi mbao za gitaa la bei chee zinakatwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta, na mashine haikosei sana. Bei inashushwa kwenye vifaa, ndiyo, lakini inashushwa zaidi kwenye saa za mikono ya mtu. Yule fundi ambaye angekaa na gitaa lako akilainisha freti moja moja, akachonga mifereji ya nyuzi, akapima urefu, akasikiliza, huyo ndiye aliyeondolewa kwenye hesabu. Kwa hiyo ulichouziwa siyo takataka, ni kitu ambacho hakijamaliziwa. Anayetakiwa kukimalizia ni wewe. Ukikataa, usimlaumu Mchina.

Najua utakachosema. Utasema: "Mimi ni msanii bwana, siyo fundi." Hapo ndipo ugomvi wangu na wewe unapoanza.

Nani alikuambia kwamba msanii na fundi ni watu wawili? Babu zetu hawakulijua hilo. Mpiga zeze wa Ugogo hakwenda dukani kununua zeze. Alitafuta kibuyu, akawamba ngozi, akafunga nyuzi, akazikaza mpaka sauti ikamridhisha yeye. Mpiga ngoma mpaka leo anajua ni dakika ngapi aiweke ngoma yake kando ya moto ngozi ivutike. Ndiyo maana tunao msemo kwamba mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Tumeutumia sana kuwasema wabinafsi, tumesahau kwamba kwanza ni maelezo ya kazi: aliyeiwamba ngoma ndiye anayeamua italia vipi. Utengano huu wa "mimi napiga, fundi atatengeneza" tumeletewa na duka.

Na hata huko lilikotoka gitaa la umeme hawakuuheshimu utengano huo. Leo Fender, yule wa Marekani ambaye jina lake mnalipigia magoti, alikuwa fundi redio. Alisomea uhasibu, akafungua karakana ya redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Stratocaster ilitoka kwenye kiwanda chake mwaka 1954. Na kupiga gitaa hakujua! Sasa we unayeota gitaa lake usiku na mchana, unamdharau fundi redio wa mtaani kwako kwa sababu gani?

Brian May wa Queen, Mwingereza, alikuwa kijana wa shule. Kwao hapakuwa na pesa za gitaa la Kimarekani. Mwaka 1963 yeye na baba yake, aliyekuwa fundi wa elektroniki, walianza kuchonga la kwao nyumbani. Shingo ilitoka kwenye mbao ya meko ya zamani iliyotupwa. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Alama za kwenye shingo zilikuwa vifungo vya lulu vya mama yake. Kazi iliwachukua miaka miwili hivi. Gitaa hilo hilo ndilo alilopiga juu ya paa la kasri ya Malkia, London, mwaka 2002, dunia nzima ikitazama. Eddie Van Halen naye alinunua kiwiliwili cha dola 50 na shingo ya dola 80, akachomoa pikapu kwenye gitaa jingine, akaitumbukiza kwenye nta iliyoyeyushwa isipige mluzi, akapaka rangi mwenyewe, akaenda nalo studio. Albamu ya kwanza ya bendi yake ilitoka mwaka 1978, na wapiga gitaa wa nusu ya dunia wakaanza kuiga sauti ya kitu kilichounganishwa kwa vipande. Na kampuni ya Danelectro, miaka ya 1950, ilikuwa ikitengeneza magitaa ya mbao zilizoshindiliwa, tunazozijua kama hadibodi, pikapu zake zikiwa ndani ya vikopo vya rangi ya mdomo ya akina mama. Yaliuzwa kwa bei ya walalahoi. Leo wakusanyaji wanayatafuta kwa udi na uvumba.

Usiniambie hayo ni ya Wazungu. Franco Luambo Makiadi, ambaye hakuna baa kongwe katika nchi hizi haijapiga muziki wake, alianza utotoni na gitaa la kujitengenezea, kopo na nyaya za umeme zilizochunwa ngozi. Wacongo hao hao walifanya jambo jingine ambalo kila mpiga ridhimu anatakiwa kulijua. Waliutoa uzi wa nne, ule wa D, wakaweka mahali pake uzi mwembamba na kuupandisha oktava moja juu. Mtindo wenyewe unaitwa mi-composé. Gharama yake ni uzi mmoja! Ile sauti inayometa, inayokufanya udhani wanapiga watu wawili, mara nyingi siri yake ni hiyo tu. Halafu kuna Konono Nº 1 wa Kinshasa, wazee wa Mawangu Mingiedi, waliochukua sumaku za magari mabovu wakazigeuza kuwa vinasa sauti vya likembe zao. Albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ilizunguka Ulaya nzima. Spea za gari! Sisi Gerezani tunazo spea za kujaza bahari, lakini tunasubiri mfadhili.

Basi tuingie kazini, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Nitasema kwa kifupi jinsi gitaa linavyowekwa sawa, ili siku nyingine mtu asikudanganye kwamba ni uchawi.

Shingo kwanza. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, pungufu kidogo ya mfuko wa saruji. Kinachoshindana na mvuto huo ni chuma chembamba kilichopita ndani ya shingo, nakiita nondo, nacho kinakazwa kwa ile spana ndogo ya pembe sita wanayotumia mafundi baiskeli. Shingo haitakiwi kunyooka kabisa. Inatakiwa kubonyea kidogo sana katikati, kwa sababu uzi ukipigwa unacheza, na katikati ndiko unakocheza zaidi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya 1, na kwa mkono mwingine ubonyeze pale shingo inapoungana na kiwiliwili. Sasa uzi umegeuka rula. Tazama nafasi iliyopo freti ya 7 au ya 8: inatosha robo ya milimita, unene wa kadi ya biashara. Nafasi ikizidi, kaza nondo kuelekea upande wa mshale wa saa, robo mzunguko tu. Pasipokuwa na nafasi kabisa, legeza. Kisha weka nyuzi sawa, ngoja, pima tena. Ikigoma, acha. Anayelazimisha nondo ndiye anayeniharibia hoja yangu.

Pili ni kile kipande chenye mifereji sita, mwanzoni mwa shingo. Hapa ndipo magitaa mengi ya bei chee yanapokufa. Mifereji ikiwa mirefu kwenda juu, kila kodi ya mwanzo wa shingo inapanda kidogo, na wewe unadhani huna sikio la muziki. Unalo! Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1: pawe na mwanga mwembamba kama unywele. Ukiwa mkubwa, chonga mfereji kidogo kidogo. Tupa maalumu za kazi hii ni ghali, lakini vile visindano vya kuzibulia pua ya gesi vya mafundi wa kulehemu vinafanya kazi. Ukishamaliza, sugua ncha ya penseli ndani ya mfereji, uzi uteleze usiwe unaruka ukigeuza ufunguo. Na kama hicho kipande ni plastiki laini na kimeshalika, nenda buchani. Muundi wa ng'ombe, uliochemshwa ukatolewa mafuta yote na kukauka vizuri, unakatwa, unapigwa msasa, unakuwa kipande kizuri kuliko kile cha kiwandani. Magitaa ya heshima duniani yanatumia mfupa. Sisi tunanywa supu, mfupa tunawarushia mbwa.

Tatu, freti. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai, ndiyo maana ncha zinatokeza. Chukua gitaa lililozoea joto la unyevu la Dar, lipeleke Dodoma kiangazi, utaona. Ncha zipitishe tupa laini kwa mshazari, kisha msasa. Kama kuna freti zilizoinuka kuliko nyingine, na hizo ndizo zinazofanya uzi uzizime, nyoosha shingo kwanza, funika mbao kwa gundi ya karatasi, paka wino wa kalamu nene juu ya kila freti, halafu pitisha jiwe bapa la kunolea polepole mpaka wino uondoke kote. Rudishia umbo la mviringo kwa tupa ndogo ya pembe tatu. Maliza kwa msasa namba 400, 600, 1000, hadi 2000. Ni kazi ya siku nzima. Ukiiharakisha utalia.

Nne, daraja, kule chini zinakokalia nyuzi. Kwa bisibisi na spana ile ile, shusha nyuzi mpaka juu ya freti ya 12 pabaki milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na milimita 2 kwa uzi mnene. Halafu lile suala la kulia kama mbuzi. Freti ya 12 iko nusu ya urefu wa uzi, kwa hiyo sauti yake iwe oktava kamili ya uzi mtupu. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, usikilize ile sauti ya kengele. Sasa ubonyeze hapo hapo, upige tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, uzi wako ni mfupi: rudisha kikalio chake nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Programu ya kupimia sauti kwenye simu inatosha, hata masikio yanatosha. Uzi kwa uzi, mara sita. Baada ya hapo panda huko juu kadri unavyotaka.

Tano, umeme. Pikapu, siyo ile ya kubebea viazi, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Ikikaa mbali na nyuzi sauti inakonda. Ikikaa karibu mno sumaku inauvuta uzi na sauti inayumba. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3 kati yake na pikapu, kisha sikiliza, urekebishe. Ule mvumo wa mashine ya kusaga una sababu zake. Hakikisha waya wa ethi unaotoka kwenye daraja umelehemiwa vizuri mgongoni mwa volyumu, maana wenzetu wa kiwandani wanaharaka. Tandika karatasi ya alumini ndani ya shimo la nyaya, uiunganishe na ethi kwa skrubu, kwa sababu lehemu haishiki alumini, na uangalie isiguse waya unaobeba sauti. Fundi redio yeyote atakuonyesha kulehemu kwa bei ya soda, na ukikaa naye mchana mmoja utakuwa umejua. Ila amplifaya usiifungue. Ndani yake mna umeme unaoua, na vingine vinabaki na chaji hata ukichomoa plagi. Na usikubali kupigia amplifaya iliyokatwa mguu wa ethi. Anayepigwa shoti ya mdomo kwenye maikrofoni hawezi kusema hakuonywa.

Yote hayo yanahitaji nini? Bisibisi, spana mbili tatu, tupa, msasa, penseli, mfupa, na uvumilivu. Hakuna mfadhili kwenye orodha hiyo.

Sasa nirudi kwenye ugomvi, maana mtu anaweza kusema: haya, umetufundisha ufundi, ugomvi uko wapi? Ugomvi uko kwenye neno moja ambalo kila mwanamuziki wa nchi hii analijua: vyombo.

Muulize mzee yeyote wa muziki wa dansi. Tulikuwa na NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964. Tulikuwa na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Kimulimuli ya JKT. Muziki ulikuwa mtamu, hilo siligusi, na mpigaji alikuwa na mshahara, jambo ambalo wewe na mimi hatuna. Lakini gitaa lilikuwa la nani? La mwajiri. Ukiondoka, unaacha gitaa. Baadaye wakaja watu binafsi, na neno likabaki lile lile: mwenye vyombo. Mwenye vyombo ndiye anayeamua bendi iitwe nani, ipige wapi, nani apande jukwaani leo, na getini amepatikana shilingi ngapi. Wanamuziki walihama bendi moja kwenda nyingine kwa kufuata vyombo vipya, tukaandika magazetini kwamba ni wasaliti. Usaliti gani? Mtu asiye na jembe huhamia kwa mwenye jembe. Na miaka ya mwanzo wa 80, fedha za kigeni zilipokauka, chombo kikiharibika kilikuwa ni msiba, maana kuagiza kingine ilikuwa ndoto.

Wakati ule gitaa lilikuwa adimu, kwa hiyo nawaelewa wazee. Leo gitaa la bei chee limejaa, mpaka kinyozi anaweza kulinunua akijibana miezi kadhaa. Kwa mara ya kwanza chombo kinaweza kuwa cha mpigaji. Na ndiyo kwanza wanakuja watu wanatuambia: hapana, hilo siyo gitaa! Wanaofaidika na maneno hayo ni akina nani? Fikiria mwenyewe. Kijana anayeamini kwamba gitaa lake ni takataka atapiga la mwenye vyombo, kwa masharti ya mwenye vyombo, mpaka mwisho. Lakini kijana aliyelifungua la kwake, akalisafisha, akachonga mfupa, akajua kila skrubu imekaa wapi, huyo ukimwambia "leo hakuna malipo" atazungusha waya wake mkononi, atalitia gitaa lake mfukoni mwake, ataondoka nalo. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Nisikilize pia wanaonipinga, nisije nikaitwa mtu wa jazba. Wapo wanaosema muda wa kusugua freti ni muda ulioibwa kwenye mazoezi. Hoja ina uzito kwa mtu mmoja: yule anayefungua gitaa kila wiki ili asipige. Kweli wapo, na dawa yao ni kunyang'anywa bisibisi. Lakini kwa wengine hesabu iko upande wangu. Gitaa lenye nyuzi za kupitisha penseli linakuchosha vidole kwa robo saa. Lililowekwa sawa unalipiga saa tatu. Wangapi wameacha muziki wakidhani hawana kipaji, kumbe hawakuwa na msasa?

Wapo wanaosema mafundi tunao, tuwaachie riziki yao. Nakubali, fundi mzuri ni hazina. Lakini si kila anayejiita fundi ni fundi. Kuna gitaa la rafiki yangu lilipelekwa kwa mtu mmoja kurekebishwa ufunguo, likarudi likiwa limebadilishwa pikapu kwa nyingine mbovu, na mwenyewe hakugundua kwa mwaka mzima kwa sababu hakuwahi kulifungua. Ukijua kazi, fundi mwongo anakuogopa na fundi mkweli anakuheshimu. Hiyo haimwibii mtu riziki.

Na wapo wanaosema kuna magitaa yasiyotengenezeka. Ni kweli kabisa. Shingo iliyojipinda kama kamba, mmoja kushoto mwingine kulia, hiyo hainyooshwi na nondo. Freti zilizopigwa mahali pasipo pake hazisogezwi. Kabla hujatoa hela, tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kama fundi wa Keko anavyotazama ubao, na upime kama freti ya 12 kweli iko nusu ya urefu wa uzi. Likifeli hapo, liache dukani. Mimi sisemi kila gitaa la bei chee ni zuri. Nasema huwezi kujua lipi ni lipi mpaka ujifunze kulitazama, na wanaokuambia "yote ni takataka" hawajajifunza kulitazama.

Mwisho, maneno machache kwa ndugu zangu waandishi, maana najua wengi mnaosoma kurasa hizi hamna gitaa bali mna madaftari. Mnadhani hayawahusu? Na ninyi mnaye mwenye vyombo wenu. Mnakaa na miswada chini ya godoro mkisubiri mchapishaji mkubwa awaite. Mnasema jarida dogo kama hili, lenye karatasi nyepesi na wino unaochafua vidole, si mahali pa kuweka kazi ya maana. Nawajibu yale yale. Hiki ni chombo cha bei chee ambacho ni chetu. Herufi zikichapwa vibaya tutajifunza kuzipanga. Sentensi zikikaa juu mno mpaka msomaji akachoka vidole, tutazishusha. Kinachokosekana hapa ni saa za mikono yetu, na saa hizo hakuna mfadhili anayetuuzia.

Kwa hiyo wewe ambaye gitaa lako liko nyuma ya kabati, litoe. Nyuzi zikiwa na kutu badilisha. Kamwazime fundi baiskeli ile spana. Anza na shingo, robo mzunguko, usikurupuke. Likishindikana kabisa utakuwa umepoteza wikiendi mbili na umejifunza lilivyo ndani, na linalofuata hutauziwa kwa macho yaliyofumbwa.

Anayeona nimekosea, kurasa hizi zipo wazi. Ajibu kwa kalamu. Au aje na gitaa lake la maana, akae kando yangu na la kwangu la Mchina, tupige, na wasikilizaji wafumbe macho waamue.